Kilima Kinapotembea, Nani Aulizwe?

Katika mji wetu wa Bukavu kuna kilima kinachotembea. Hatusemi kwa mfano. Funu, katika komine ya Kadutu, ni mteremko mkubwa wa udongo unaoshuka polepole mwaka kwa mwaka, na juu yake watu wamejenga wakabanana kama nafaka katika kikapu. Wataalamu wa Kongo na wa Ubelgiji wameupima kwa picha zilizopigwa na ndege tangu siku za ukoloni, na kwa vyombo vinavyozunguka angani. Wamekuta ya kuwa ukubwa wake wapata kilometa mraba moja na nusu, na ya kuwa sehemu zake zenye haraka hupita mita moja kwa mwaka. Mwaka 2022 walitangaza jambo jingine lililotugusa zaidi: ujenzi wetu wenyewe umeongeza mwendo huo. Maji ya mvua yaliyokuwa yakinywewa na majani na mizizi sasa yaanguka juu ya mabati, yakimbilia mahali pamoja na kuingia katika nyufa. Nayo mabomba hupasuka kila ardhi inapojivuta, yakamwaga maji chini kwa chini. Kilima kilikuwa kikitembea kabla yetu, lakini sisi tumekisukuma.

Wenyeji wa huko hawakungoja wataalamu. Mwenye nyumba huona ufa ukutani wakati wa mvua, mlango unakataa kufungwa, kipandio cha mlangoni kimeachana na kizingiti. Wengi hujenga kwa mbao, wala si kwa sababu ya umaskini tu. Mbao hukubali kupinda pale ambapo matofali huvunjika. Methali yasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Funu watu huziba ufa, na ukuta huujenga vilevile, mwaka kwa mwaka.

Tufikiri sasa juu ya mtu mwenye karatasi. Amelipa, amepimiwa, amepewa cheti chenye namba na mipaka ya parseli yake. Miaka ishirini ikipita, nyumba yake imeteremka, na ya jirani wa juu imeshuka hata imesimama mahali palipoandikwa jina lake. Karatasi imebaki ilipo, kiwanja kimetembea. Ni nani mwenye haki hapo? Hakimu atafungua kitabu, lakini kitabu kiliandikwa kama kwamba nchi imetulia. Majirani ndio wanaojua nani alikuwa wapi, na nani alisogea pamoja na udongo, na nani alisogea kwa hila usiku akisingizia udongo.

Basi swali letu ni hili. Wakuu wanapokata shauri juu ya mahali kama hapo, kwamba watu wahamishwe, au mifereji ichimbwe, au ujenzi ukatazwe, je, wana wajibu wa kuwauliza wakaaji wake? Tena hata wale wasio na karatasi yo yote? Na wakiulizwa, wao wana wajibu gani wa kujibu?

Wako wanaokata neno upesi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 yasema ardhi yote ya Kongo ni mali ya Serikali, na raia ana ruhusa ya kuitumia tu. Kwa hiyo, wasema, mwenye mali hamwombi mpangaji ruhusa. Hoja hiyo ina sura ya nguvu, lakini haisimami. Serikali si mtu mmoja mwenye shamba lake. Haina kichwa cha kuangukiwa na ukuta, wala mtoto wa kuchotwa na mto. Imepewa ardhi iitunze kwa ajili ya watu, kama vile mlezi anavyotunza mali ya yatima. Na mlezi anayeuza shamba la yatima bila kumwambia neno, hata akiwa na sahihi zote, kijiji kitamwita mwizi. Sheria yenyewe yalijua jambo hili. Ile ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira yampa kila mtu haki ya kupata habari na ya kushiriki katika kukata mashauri yanayohusu mazingira anamoishi na mali ya asili. Haisemi kila mtu mwenye cheti. Yasema kila mtu.

Wala desturi za Bushi hazikuwa za mtu mmoja kuamua peke yake gizani. Aliyepewa shamba kwa kalinzi alitoa ng'ombe, na jambo lilifanyika mbele ya mashahidi. Mpaka ulijulikana kwa sababu ulionekana na macho mengi. Lakini tusiwasifu mababu kupita kiasi. Mwanamke ndiye aliyelima, na kalinzi ikawa ya mwanamume. Aliyelima kwa bwasa, yaani kwa muda tu, aliweza kuambiwa aondoke mavuno yakiisha. Na Batwa, waliokuwa wa kwanza msituni, hawakuhesabiwa po pote. Hata zamani, neno la kuulizwa lilikuwa na watu wake, na wengine walikaa nje ya mlango.

Juu ya Batwa hao tuna somo karibu nasi sana. Mwaka 1970 msitu wa Kahuzi na Biega ulifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 1975 ukapanuliwa karibu mara kumi. Nia ya kuwalinda sokwe na miti ilikuwa njema, hatuna shaka. Lakini waliokuwa wakiishi humo walitolewa bila kuulizwa na bila fidia, wakatawanyika pembezoni mwa mashamba ya wengine, hawana msitu wala jembe. Oktoba 2018 baadhi yao walirudi. Damu ilimwagika, ya walinzi na ya Batwa, na miti mingi ikakatwa kwa makaa. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu: Kongo ilivunja haki zao, nayo yapaswa kuwarudishia ardhi yao. Zaidi ya miaka hamsini imepita. Jambo ambalo halikuulizwa siku moja limegharimu vizazi viwili, wala hata msitu haukupona.

Hata hivyo, wasomaji, tusijifanye kama hatuna mtu wa kutupinga. Mzee mmoja wa Bagira alitushika siku moja baada ya kusikia maneno haya. Akasema: «Ninyi mnasifu kuulizwa. Haya, sisi Bagira hatukuulizwa. Wazungu walichora, wakajenga, wakatuita tuingie. Leo nyumba zetu zimesimama kwa mistari na gari linafika. Kadutu wamejiuliza wenyewe kwa wenyewe, na jeneza halipiti.»

Neno lake lina uzito, wala hatukuweza kulijibu papo hapo. Ni kweli kwamba Bagira ilijengwa katika miaka ya 1950 na ile ofisi ya nyumba za Waafrika iliyoanzishwa mwaka 1952, na ni kweli kwamba kazi yao ilikuwa na kipimo. Lakini yafaa tutazame mpango mzima, si mistari ya nyumba tu. Mkono ule wa nchi unaochovya vidole vyake vitano ziwani, wenye upepo mzuri, waliuchukua wenyewe. Mfanyakazi wakamwonyesha pa kulala mbali, juu ya vilima. Aliyechora alijua mfanyakazi huhitaji chumba cha upana gani; hakujua, wala hakutaka kujua, mtu huyo atakuwa na wajukuu wangapi, na watakaa wapi. Kisha mpango usio na mwenyewe hauna mlinzi. Mwenye fimbo alipoondoka mwaka 1960, hapakuwa na raia aliyeweza kusema: nafasi hii tulipatana iwe wazi, kwa sababu hakuna aliyepatana na mtu. Pembe za shule, kando za mito, bustani, vyote vikakatwa vipande kidogo kidogo. Vita vya miaka ya 1990 na baadaye vikawaleta wakimbizi wa vijijini kwa maelfu, na mji uliochorwa kwa watu wachache sasa una zaidi ya milioni moja. Hao nao ilibidi walale mahali.

Lakini mzee yule alituchoma katika jambo moja, nalo tutalikiri. Kadutu hatukujiuliza wenyewe kwa wenyewe. Kila mmoja alijiuliza peke yake.

Tulikaa zamani katika kichochoro kimoja cha huko. Tulipofika, wanaume wanne walipita wamebeba jeneza mabegani bila kuinama. Kisha jirani mmoja akaongeza jiko, kiganja kimoja tu nje ya mpaka. Aliyemwelekea akaona: ikiwa huyu ameongeza, kwa nini mimi nisiongeze? Akasogeza ukuta wa mbao. Na sisi pia, tuseme kweli, tuliweka pipa la maji na kibanda kidogo juu ya mfereji, tukasema ni kwa muda. Hakuna aliyeiba njia. Kila mmoja aliiba kiganja. Siku tulipomzika mama mmoja aliyependwa na mtaa wote, jeneza halikupita. Ilibidi watu wapande juu ya mabati na kulipokea kwa kamba, na watoto wake wakitazama. Muda si mrefu moto ukatokea kwa usiku mmoja katika nyumba ya katikati, na gari la kuzima moto likabaki barabarani likipiga honi. Nyumba kumi na moja zikateketea. Asubuhi tulikaa juu ya majivu tukailaumu serikali.

Serikali ilikuwa na makosa, ndiyo. Afisa mmoja, ambaye hatutamtaja, alikuwa akipita kila mwezi, akichukua kitu kidogo kwa kila kiganja na kuondoka. Lakini ni nani aliyempa? Mtu anayedai haki ya kuulizwa juu ya mji yampasa kukubali kwamba naye ataulizwa juu ya kiganja chake. Haki hiyo ina pande mbili kama panga. Ndiyo maana, tunadhani, wengi wetu hatuitamani sana kama tunavyosema. Serikali inapotoa amri bila kutuuliza, twapata hasara, lakini twapata pia raha ya kulalamika na kuendelea kujenga.

Lipo jambo la pili la kuogofya. Baraza laweza kuitishwa ili kuua haki. Tukumbuke habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mfalme Ahabu hakumnyang'anya njiani kama jambazi. Barua ziliandikwa, zikapigwa muhuri, wazee wa mji wakakusanywa, watu wakafunga, Nabothi akaketishwa mahali pa mbele, na mashahidi wawili wakatoa neno lao. Kila kitu kilikuwa wazi mbele ya watu. Penye wengi, twasema, hapaharibiki neno. Huko Yezreeli neno liliharibika mbele ya mji mzima, kwa kuwa waliokusanyika walikuwa wamekwisha andikiwa mwisho wake. Tumeona mabaraza ya namna hiyo karibu nasi. Watu waitwa saa nne asubuhi, wakati mama wako sokoni na vijana wako kazini, mchoro waonyeshwa ukutani kwa lugha ya Kifaransa, soda zagawanywa, kila mmoja atia sahihi kwenye karatasi ya waliofika. Mwezi unaofuata yasemwa: wananchi walikubali. Kufika si kukubali. Sahihi ya soda si sahihi ya shamba.

Kuuliza kwa kweli ni kazi ndefu, na mahali pengine imefanyika. Huko Nairobi, mwezi wa Agosti 2017, serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru, yaani mitaa ya Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kuwa mahali pa mpango wa pekee. Kuna nyumba zaidi ya laki moja, karibu zote zisizo na cheti. Wenyeji, wakisaidiwa na Muungano wa Wanavijiji, walijipanga kwa nyumba kumi kumi. Kila nyumba kumi zikawa na msemaji wao, na vikundi kumi vikaungana, mpaka mtaa mzima ukapata wasemaji. Msomaji wa Bukavu hatashangaa, maana nasi tuna nyumbakumi, na Wakristu tuna mashirika yetu ambamo kila mlango wajulikana. Kumbe chombo tunacho. Tumekitumia kwa michango ya mazishi na kwa salongo, hatujakitumia kwa mchoro wa mji.

Ugumu ulikuja juu ya barabara. Vipimo vya kawaida vya wahandisi vilitaka upana ambao ungebomoa nyumba nyingi kupita kiasi. Hapo wenyeji hawakusema hapana tu, wala wapimaji hawakusema sheria ni sheria. Walikaa, wakatafuta upana unaotosha gari la lazima kupita na unaoacha watu wengi mahali pao. Waliopoteza ukuta walijua kwa nini, na jirani yao alijua pia. Baada ya mwaka 2020 barabara kadhaa na maji vikaanza kufika. Lakini tusitie asali kupita kipimo: Oktoba na Novemba 2021, sehemu ya Mukuru kwa Njenga ilibomolewa kwa ajili ya barabara nyingine, na maelfu wakalala nje. Mpango mzuri haukuwazuia wenye nguvu. Ila waliobomolewa hawakuwa tena kundi lisilo na jina. Nyumba zao zilikuwa zimehesabiwa, na wasemaji wao walijulikana.

Turudi Funu, ambako jambo ni gumu kuliko huko, maana hakuna barabara iwezayo kufanywa nyembamba ili kilima kitulie. Tuseme watu wameulizwa kwa haki yote: mama wa sokoni, wapangaji ambao mwenye parseli yao akaa mbali, vijana, wajane. Tuseme wamejibu kwa sauti moja: tunabaki. Je, wakuu wafungwe na jibu hilo?

Hapa tutatoa maoni yetu, na anayetaka atuandikie atukosoe. Mtu mzima anayejua hatari anaweza kuichagua kwa nafsi yake, kama vile mvuvi anavyochagua kuingia ziwani penye upepo. Hawezi kuichagua kwa ajili ya mtoto aliyelala chumba cha nyuma, wala kwa ajili ya jirani wa chini ambaye maji ya paa lake yamwangukia. Kwa hiyo wakuu wana haki ya kukataza nyumba mpya, na ya kumlazimisha mwenye bati aelekeze maji yake mferejini, hata kama mtaa mzima wanung'unika. Lakini hawana haki ya kusema «ondokeni» bila kuonyesha mahali pa kwenda. Aliyetolewa Funu bila mahali atapanda mteremko mwingine, na mwaka kesho tutakuwa na vilima viwili vinavyotembea. Waliobaki kando ya mito huko Kalehe hawakuwa wapumbavu. Soko lilikuwa pale, gati lilikuwa pale, shamba la mtu lilikuwa pale. Mafuriko ya tarehe 4 Mei 2023 ya Bushushu na Nyamukubi yaliwakuta mahali walipopata riziki, na zaidi ya mia nne wakafa. Mwisho wa mwaka ule ule mvua iliua watu hapa hapa mjini, katika komine ya Ibanda. Anayeuliza juu ya kuhama bila kuuliza juu ya riziki ameuliza nusu ya swali, na nusu hiyo yajulikana jibu lake.

Kwa upande wa pili, ziko habari ambazo mtaalamu hawezi kuzipata asipouliza. Chombo cha angani chaona kilima kimesogea; hakioni bomba lipi lavuja tangu Pasaka, wala ni nani aliyeziba mfereji kwa takataka, wala chemchemi iliyotokea jikoni kwa mjane fulani baada ya tetemeko la Februari 2008. Wenye kujua hayo wako, nao hawajui kwamba wanajua kitu cha maana, kwa kuwa hakuna aliyekuja na daftari. Ndiyo maana twasema kuulizwa si heshima tu anayopewa maskini ili afurahi. Asipoulizwa, mpango wenyewe unakuwa kipofu wa jicho moja.

Wengine watatuambia: mwasema haya kwa wakati gani? Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23, watu wengi wamesema ngojeni kwanza, tujue nani wa kuulizana naye. Twaelewa woga huo, maana tumo ndani yake. Lakini kilima hakisomi magazeti, hakijui bendera. Mfereji wa kichochoro hauhitaji sahihi ya gavana. Nyumbakumi yaweza kuhesabu nyufa zake, kuandika mabomba yanayovuja, kukumbuka mipaka ya njia ilivyokuwa, na kuyaweka hayo katika daftari, ili atakayekuja na mchoro akute watu wenye maneno ya kumjibu.

Mwaka jana tulirudi kukitembelea kile kichochoro chetu cha zamani. Baada ya moto watu walijenga upya, karibu kama zamani. Mjane mmoja tu, aliyeunguliwa na vyote, alirudisha ukuta wake nyuma hatua mbili kamili, akapanda majani mahali palipokuwa jiko lake. Tulimwuliza kwa nini. Akatuambia kwamba alihesabu waliobaki katika shirika lake wenye umri wa kufa, akajihesabu na yeye mwenyewe. Jirani anayemwelekea amekwisha weka mbao zake mpakani mwa majani yale. Asema ni kwa muda.